Baba amewekewa baipasi tatu: zitadumu miaka mingapi?

*Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61 na ana kisukari cha muda mrefu. Miezi minne iliyopita alipasuliwa moyo, akawekewa baipasi tatu. Anatembea vizuri na kifua hakimbani tena. Ila jirani ametuambia mishipa hiyo hudumu miaka kumi tu, kisha inaziba. Mjomba naye kila akija analalamika kwamba tungekubali stenti, kile kijibomba cha kutanua mshipa, baba asingepasuliwa kifua. Na baba mwenyewe amebadilika, amekuwa msahaulifu na mkimya. Wiki iliyopita nimegundua ameacha dawa ya kolesteroli, anasema moyo umeshatengenezwa. Niambie ukweli, tutarajie nini?*

Marahaba. Nianze na dawa, maana mengine yanaweza kusubiri umalize kusoma, hilo haliwezi. Wasiliana na kliniki anakohudhuria, waambie ameacha na ni tangu lini, kisha airudie kwa maelekezo yao. Ila kwanza muulize kwa upole kwa nini aliacha. Wazee wengi husema "nimepona" kumbe misuli inawauma, au vidonge vimekuwa vingi na wamechoka kumeza. Kama ni misuli, zipo statini (jamii ya dawa za kolesteroli zinazotumika sana) za aina nyingine, zipo dozi ndogo, na zipo dawa za kushusha kolesteroli ambazo si statini kabisa. Daktari akijua, atabadilisha. Asipojua, atakuwa anasoma majibu ya maabara akidhani mgonjwa wake anameza dawa.

Hiyo kauli ya kwamba moyo umeshatengenezwa naielewa, na sisi madaktari tunaichangia tunapompongeza mgonjwa siku ya kuruhusiwa. Lakini tazama kilichofanyika pale mezani. Mishipa inayolisha msuli wa moyo ilikuwa imeziba kwa mafuta na chokaa iliyojijenga ndani ya kuta zake kwa miaka mingi. Mpasuaji hakuikwangua wala kuing'oa. Aliiacha palepale, akachukua mishipa kutoka sehemu nyingine za mwili wa baba, akaiunganisha ili damu ipite pembeni na kuingia mbele ya palipoziba. Ni mchepuko (najua neno hilo mitaani lina kazi nyingine, tuvumiliane): barabara ya kuzungukia daraja lililokatika. Daraja lenyewe bado limekatika, na kilicholikata bado kiko kazini, kwenye mishipa ya zamani na kwenye hii mipya pia.

Sasa jirani yenu. Hajakosea, ila amesema nusu. Swali si baipasi hudumu miaka mingapi, swali ni baipasi ya mshipa gani.

Mshipa unaotumika sana ni vena ya mguuni, ile ndefu inayopanda upande wa ndani kutoka kifundoni hadi pajani. Aliyeifanya itumike duniani kote ni René Favaloro, mpasuaji kutoka Argentina aliyekuwa Cleveland Clinic, Marekani, mwaka 1967. Ni rahisi kuipata, ni ndefu, na mguu una vena nyingine za kuendelea na kazi. Kama baba ana kovu mguuni, au vikovu vidogo vilivyofuatana, basi walau baipasi moja ni ya vena. Mshipa wa pili ni ateri ya ndani ya kifua, inayoteremka nyuma ya mbavu pembeni mwa mfupa wa kidari. Huu hauna haja ya kukatwa pande zote mbili: unaachwa na mzizi wake, ncha ya chini inaachanishwa na ukuta wa kifua na kushonwa kwenye mshipa mkuu wa mbele wa moyo. Vasilii Kolesov aliutumia hivyo huko Leningrad mwaka 1964, kabla ya Favaloro, lakini ilichukua miaka zaidi ya ishirini dunia kukubali kwamba ndio bora. Mwaka 1986 wapasuaji wa Cleveland walichapisha matokeo yao: waliopata ateri hiyo kwenye mshipa wa mbele waliishi zaidi ndani ya miaka kumi kuliko waliopata vena peke yake. Tangu hapo, mpasuaji anayeiacha bila sababu ana maswali ya kujibu.

Tofauti ya mishipa hii miwili ni kubwa. Vena iliumbwa kwa damu inayorudi moyoni polepole, kwa shinikizo dogo. Siku moja inajikuta ikipigwa na msukumo wa ateri, mara sabini au themanini kwa dakika, usiku na mchana. Katika wiki za mwanzo hatari yake ni damu kuganda ndani, hasa kama ilijeruhiwa wakati wa kutolewa au ilishonwa ikiwa imejikunja. Katika mwaka wa kwanza ukuta wake unanenepa kwa ndani, kama unavyoota sugu kiganjani kwa jembe. Baada ya hapo yanaingia mafuta yaleyale yaliyoziba mishipa ya kwanza, na kwenye vena yanakwenda mbio zaidi. Kwa hesabu ya jumla, walau vena moja kati ya kumi huwa imeziba ndani ya mwaka mmoja, na ikifika miaka kumi karibu nusu zimeziba au zimebana vibaya. Hapo ndipo jirani alipotoa ile miaka kumi yake.

Ateri ya kifua ni kiumbe kingine. Imezoea msukumo tangu baba alipozaliwa, na utando wake wa ndani hutoa kemikali zinazoufanya mshipa utanuke na kuzuia mafuta kujishika. Baada ya miaka kumi zaidi ya tisa kati ya kumi huwa bado ziko wazi. Kwenye skrini ya chumba cha kuchunguzia mishipa utaiona ateri ya miaka kumi na mitano, dawa ya picha inapopita ndani yake: uzi mwembamba, laini, usio na doa, unatikisika na kila pigo la moyo. Vena ya umri huohuo, ya mgonjwa huyohuyo, mara nyingi ni kamba yenye mafundo, huku imevimba, huku imesinyaa. Au huioni kabisa, unaona kisiki tu pale ilipochipukia kwenye mshipa mkubwa wa damu.

Ipo pia ateri ya mkononi, ile tunayoishika kupima mapigo. Uchambuzi uliounganisha tafiti kadhaa na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba inadumu kuliko vena na wagonjwa wake hupata matatizo machache zaidi ya moyo. Kama baba ana kovu refu upande wa ndani wa mkono, hiyo ni habari njema.

Na baipasi ikiziba, si lazima mtu afe. Nyingine huziba kimyakimya, mwenyewe hajui, kwa sababu moyo una njia nyingine za kupitishia damu. Chukua mfano unaojulikana. Bill Clinton, rais wa zamani wa Marekani, alifanyiwa baipasi nne Septemba 2004 akiwa na miaka 58. Februari 2010 alianza kubanwa kifua, wakakuta vena moja imeziba kabisa. Hawakumpasua tena. Walimwekea stenti mbili kwenye mshipa wake wa asili, akatoka hospitali siku iliyofuata. Mwaka 2024 alitimiza miaka 78. Hata mtangazaji Larry King, aliyepata baipasi tano mwaka 1987, alifariki Januari 2021 akiwa na miaka 87. Sikupi hawa kama ahadi, maana walikuwa na uangalizi ambao si wa kila mtu. Nakuonyesha tu jinsi mambo yanavyokwenda: mshipa mmoja unakufa, mwingine unabeba, wanaongeza stenti, maisha yanaendelea. Kupasuliwa mara ya pili siku hizi ni nadra.

Sasa miaka. Hakuna daktari wa kweli atakayekupa namba ya baba yako, lakini namba za kundi zipo. Katika utafiti uitwao SYNTAX, uliofuata wagonjwa wa Ulaya na Marekani waliokuwa na mishipa mitatu iliyobana au mshipa mkuu wa kushoto, waliopasuliwa walikuwa wamefariki asilimia 24 baada ya miaka 10. Katika utafiti mwingine mkubwa, ART, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, ilikuwa karibu asilimia 20 kwa muda huohuo. Kumbuka wengi wao walikuwa na miaka sitini na kitu siku ya upasuaji, kwa hiyo ndani ya miaka kumi baadhi wangeondoka hata kwa sababu nyingine. Kwa maneno mengine, kati ya watu watano kama baba, wanne wako hai mwaka wa kumi, au pungufu kidogo ya hapo.

Zaidi ya miaka kumi picha inabadilika. Watafiti wa Denmark waliwafuatilia watu zaidi ya 50,000 waliofanyiwa baipasi kati ya mwaka 1980 na 2009. Waliovuka mwezi wa kwanza waliishi kwa takriban miaka kumi bila kutofautiana sana na watu wa rika lao ambao hawakupasuliwa. Kisha mistari ikaachana, waliopasuliwa wakaanza kufa kwa kasi kubwa zaidi. Ukiilinganisha na ile habari ya vena, utaona ni hadithi moja. Muongo wa kwanza upasuaji unambeba mgonjwa. Muongo wa pili unategemea ule ugonjwa ulioachwa ndani ulifanyiwa nini wakati huo wote, na hapo ndipo kidonge anachokikataa baba kinapohusika.

Kitu kimoja kinaweza kubadilisha hesabu hizi zote: nguvu ya moyo wenyewe. Kwenye karatasi za baba kuna kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) chenye asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma kila pigo. Ikiwa ni 55 au zaidi, msuli uko salama, na namba nilizokupa zinamhusu. Ikiwa ni 35 au chini, tunaongea mambo mengine. Utafiti wa STICH uliwafuata wagonjwa wa aina hiyo karibu miaka kumi: kati ya waliopasuliwa walifariki asilimia 59, kati ya waliopewa dawa peke yake asilimia 66. Upasuaji ulisaidia, lakini ona jinsi moyo uliochoka unavyopunguza miaka. Figo nazo ni hivyohivyo.

Kuhusu mjomba nitakuwa mfupi, maana kwa mgonjwa wa kisukari mwenye mishipa mitatu iliyobana swali hilo lilishajibiwa. Utafiti wa FREEDOM, mwaka 2012, ulichukua watu 1,900 wenye kisukari, wengi wao wa aina hiyo, nusu wakapata stenti, nusu wakapasuliwa. Baada ya miaka mitano walifariki asilimia 16.3 upande wa stenti na 10.9 upande wa upasuaji. Mjomba ana haki katika jambo moja tu: kiharusi kilikuwa kingi zaidi kwa waliopasuliwa, asilimia 5.2 dhidi ya 2.4. Baba ameshavuka kipindi ambacho hatari hiyo huwa kubwa zaidi. Mwambie mjomba ashukuru, halafu mpe kazi ya kumsindikiza baba matembezi ya jioni.

Nirudi kwenye dawa, safari hii kwa takwimu. Wasweden wana rejista inayomfuata kila mgonjwa wa moyo hadi dirisha la dawa. Walipowaangalia watu karibu 29,000 waliofanyiwa baipasi kati ya 2006 na 2015, asilimia 94 walikuwa wanachukua statini miezi sita baada ya upasuaji. Baada ya miaka minane walibaki asilimia 77. Aspirini na dawa za jamii yake, vilevile, kutoka 93 hadi 80. Na walioendelea na dawa hizo walikufa wachache kuliko walioacha. Kwa hiyo baba hayuko peke yake, wengi huacha pale wanapojisikia vizuri. Tofauti ni kwamba yeye ameacha mapema mno, ndani ya mwaka ambao kuta za vena zake zinanenepa.

Statini hapa haitibu namba iliyo kwenye karatasi ya maabara. Hata mtu ambaye kolesteroli yake ni "ya kawaida" anaihitaji akiwa na vena mpya kifuani. Miongozo ya Ulaya inataka kolesteroli mbaya (maabara huiandika LDL) ishuke chini ya 1.4 kwa kipimo cha milimoli, ambayo ni 55 kwa kile cha miligramu. Watu wengi hushangaa, maana maabara huandika kawaida ni hadi 3. Hiyo ni kawaida ya mtu ambaye hajawahi kupasuliwa. Aspirini ya dozi ndogo huwa ni ya maisha, isipokuwa daktari wake awe na sababu ya kuizuia. Dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, kwa upande mwingine, huenda isiwe ya milele, na ni halali kabisa kuuliza kama bado anaihitaji. Kwa presha na sukari sina jipya la kukuambia zaidi ya kwamba sukari isiyoshikwa huharibu mishipa midogo ambayo hakuna mpasuaji anayeweza kuishona.

Hukuandika kama anavuta sigara. Kama anavuta, basi yote niliyosema hapo juu yanapungua uzito mbele ya hilo. Huko Rotterdam waliwafuata kwa miaka 30 wagonjwa waliopasuliwa miaka ya 1970, na walioacha sigara baada ya upasuaji waliishi miaka mitatu zaidi, kwa wastani, kuliko walioendelea. Sina kidonge kinachotoa miaka mitatu.

Usahaulifu na ukimya ni mambo mawili, usiyachanganye. Kusahau baada ya upasuaji huu kunajulikana: mtu anapoteza maneno, anarudia swali, anashindwa kufuata hesabu. Mashine inayochukua kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji ililaumiwa sana, hasa baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2001 kukuta asilimia 42 ya wagonjwa wameshuka kiakili miaka mitano baadaye. Lakini watafiti wengine walipowalinganisha na wagonjwa wa moyo ambao hawakupasuliwa, walikuta hao nao wanashuka vilevile. Inaonekana ni mishipa ya kichwani inayougua pamoja na ya moyo, na tiba yake ni ileile: presha, sukari, kolesteroli. Ule usahaulifu wa wiki za mwanzo kwa wengi hupungua ndani ya miezi michache. Miezi minne ni karibu na ukingo. Kama haupungui au unazidi, utajwe kliniki.

Ukimya ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Karibu mtu mmoja kati ya watano hupata sonona ya kweli baada ya upasuaji wa moyo. Baba wa umri huo hatakuambia ana huzuni. Atasema amechoka, atalala mchana, ataacha kupokea simu za rafiki zake, ataacha dawa. Chuo hichohicho cha Duke kiliwafuata wagonjwa zaidi ya 800 wa baipasi na kuchapisha mwaka 2003: waliokuwa na sonona ya wastani au nzito, au iliyoendelea miezi sita, walikufa wengi zaidi hata baada ya kuzingatia hali ya mioyo yao. Kwa hiyo ni dalili ya moyo kama ilivyo dalili nyingine, itajwe siku ya kliniki bila aibu. Na kuna jambo ambalo mama hatakuuliza wala wewe hutaweza kumuuliza baba: wanaume wengi huogopa tendo la ndoa baada ya kupasuliwa, wakadhani moyo utasimama. Anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala kubanwa kifua kwa kawaida anaruhusiwa. Mwombe daktari wake aseme hilo wakiwa wawili tu.

Mazoezi yenye uangalizi, kama hospitali yake ina programu hiyo, yanapunguza vifo vya moyo na kulazwa tena. Kama haina, kutembea kila siku hadi pumzi ibadilike kidogo kunatosha kuanza. Mfupa wa kidari umeshaunga kwa miezi minne, anaweza kubeba vitu. Ganzi upande wa kushoto wa kifua au kando ya kovu la mguuni inaweza kukaa miezi mingi, na haina hatari.

Picha za mishipa kila mwaka hazihitajiki kwa mtu asiye na dalili. Baada ya miaka mitano daktari anaweza kufikiria kipimo cha kuutazama moyo unapofanyishwa kazi ngumu, hata kama baba hajisikii vibaya. Dalili zikirudi, hiyo ni habari nyingine, na kwa mwenye kisukari zinaweza kuja bila maumivu: kuhema kupanda ngazi alizokuwa anazipanda, jasho la ghafla, uchovu usioelezeka. Zikiwa za kupanda ngazi, kliniki wiki hiyo. Zikija ameketi au zisipoisha ndani ya dakika chache, hospitali saa hiyohiyo.

Mwisho, omba nakala ya ripoti ya upasuaji, si ile karatasi ya kuruhusiwa peke yake. Mara nyingi kuna mchoro wa moyo wenye mistari mitatu ya kalamu. Angalia mstari unaokwenda mshipa wa mbele umeandikwa ateri ya kifua au vena, na ile mingine miwili ni ya nini. Andika pia asilimia ya eko na kolesteroli mbaya ya mwisho kabla hajaacha dawa. Nitumie hivyo vitatu, nitakujibu kwa habari za baba mwenyewe badala ya hizi za watu wa Denmark.